Kabla ya Kuhama, Hesabu Miezi ya Kula

Ndugu msomaji, mwezi huu nataka tuzungumze habari ya kuhama. Simaanishi kwenda kumtembelea shangazi kisha ukarudi. Namaanisha kuhama na mke, watoto, wazee, kuku na vyungu, kwenda kuanza maisha mahali pengine.

Watu wengi wanahama. Mmoja anatafuta ardhi, kwa sababu ekari 4 za baba zimegawanywa kwa ndugu watano. Mwingine anataka watoto wawe karibu na shule ya sekondari. Sisi mabwana shamba tunahama kwa barua. Barua ikija, unafunga mizigo. Mimi nilianza kazi Kilosa, nikahamishiwa Mpwapwa, na sasa niko Mbozi, katika Mkoa wa Songwe. Nyumbani tuko watu 7: mimi, mke wangu, watoto wanne na mama yangu mzazi. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona kwa macho, tena nimeyalipia kwa fedha yangu.

Mtu akitaka kuhama, swali lake la kwanza huwa hili: "Lori ni shilingi ngapi?" Akishapata fedha za lori anaona amemaliza. Lakini lori ni gharama ya siku moja. Gharama kubwa inaanza siku ya pili asubuhi, watoto wanapoamka na kutaka uji. Gharama hiyo inaendelea mpaka siku utakapovuna shamba lako mwenyewe huko uendako. Basi swali la kwanza liwe hili: Kutoka siku ya kuhama mpaka siku ya kuvuna ni miezi mingapi?

Tuhesabu pamoja. Huku Mbozi, kama ilivyo Dodoma, Iringa na Ruvuma, mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba au Desemba. Inakwisha Aprili au Mei. Mahindi yanapandwa mvua ikianza, na yanavunwa kuanzia Juni. Ukikosa kupanda wakati huo, umekosa mwaka mzima.

Sasa chukua watu wawili. Wa kwanza anahama mwezi wa Agosti, baada ya kuvuna kwao. Anakuja na magunia yake. Ana miezi ya Septemba na Oktoba ya kutafuta shamba na kulisafisha. Mvua ya kwanza inamkuta na jembe mkononi. Kutoka Agosti mpaka Juni ni miezi 10.

Wa pili anahama mwezi wa Februari. Akifika, mahindi ya wenyeji yamemfika kifuani. Yeye hawezi kupanda mahindi tena, kwa sababu mvua itakatika kabla hayajakomaa. Anaweza kupanda maharage, na afanye hivyo upesi. Lakini mahindi atangoja mvua ya Novemba, apande, kisha avune Juni ya mwaka unaofuata. Kutoka Februari mpaka Juni hiyo ni miezi 16.

Watu hawa wawili wamelipa lori lile lile. Lakini wa pili atanunua unga miezi 6 zaidi. Tena ameondoka kwao mahindi yakiwa bado mabichi. Aliyoyapanda atavuna mwingine.

Nimemwona mtu wa namna hiyo. Alikuja Februari na watoto watano. Alikuwa ameuza shamba lake lote huko kwao, na fedha alikuwa nazo. Akaita mafundi, wakaanza kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Ilipofika Oktoba nyumba ilikuwa imefika kwenye linta, na fedha zimekwisha. Mvua ikaanza. Wakati wa kupalilia shamba lake, yeye na mkewe walikuwa wakilima kibarua kwa majirani ili wapate unga wa siku ile. Shamba lao likamezwa na magugu. Wakavuna kidogo, na mwaka uliofuata njaa ikarudi tena nyumbani mwao. Mtoto wao mkubwa aliacha shule akaenda Tunduma kubeba mizigo. Mtu yule hakuwa mvivu hata kidogo. Lakini mwenye njaa halimi shamba lake. Analima la mwenziwe.

Wasomaji wa Kagera, Kilimanjaro na Tanga watasema kwao kuna vuli na masika. Ni kweli, kungoja kwao ni kufupi kidogo. Lakini wasitegemee vuli peke yake, maana mara nyingine hupungua. Nao pia wahesabu miezi. Mgomba uliopandwa leo utakaa mwaka mmoja au zaidi kabla ya kutoa mkungu wa kwanza.

HESABU YA DEBE

Watu wengi hawajui wanakula kiasi gani. Mtu anavuna magunia, anakula, na yakiisha anasema yameisha. Mke wangu alianza njia moja tulipokuwa Mpwapwa, nami naona inafaa kwa kila nyumba. Chukua debe 1 la mahindi. Kasage. Andika tarehe kwenye daftari. Siku unga utakapokwisha, andika tarehe tena. Kwetu debe 1 linakaa siku 7. Kwako huenda likakaa siku 5, au siku 10. Inategemea watu na umri wao, na kama mnakula viazi au ndizi pia.

Basi sisi tunakula debe 1 kwa wiki. Miezi 10 ni kama wiki 43. Tunahitaji debe 43. Debe 6 zinajaza gunia 1. Kwa hiyo ni magunia 7 na debe 1. Kwa miezi 16 ni kama wiki 70, yaani debe 70. Hayo ni magunia 11 na debe 4.

Sasa tuweke fedha. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka bei za kwenu. Tuseme umehama Agosti na magunia 3, yaani debe 18. Toa 18 katika 43, zinabaki debe 25 za kununua. Wakati wa mavuno debe ni shilingi 10,000. Ukinunua zote mapema utalipa shilingi 250,000. Lakini ukinunua debe moja moja, utafika Januari na Februari wakati mahindi yamepanda bei. Tuseme debe limefika shilingi 15,000. Debe 25 kwa bei hiyo ni shilingi 375,000. Tofauti ni shilingi 125,000. Fedha hiyo inanunua mbegu na mbolea.

Ukinunua mapema, hakikisha mahindi ni makavu. Yatie katika mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, uifunge sawasawa. Dumuzi hana huruma na mgeni.

Chakula si unga peke yake. Kuna chumvi, mafuta ya kula, sabuni, gharama ya kusaga, na dawa mtoto anapougua. Kabla ya kuhama, andika kila shilingi inayotoka nyumbani kwa mwezi mmoja. Usiache hata ya kiberiti. Jumla utakayopata izidishe kwa miezi yako ya kungoja. Ukiona jumla imekutisha, ni vizuri ikutishe ungali nyumbani kwako.

Mboga unaweza kujipunguzia mwenyewe. Wiki ile ile ya kufika, lima vituta viwili karibu na mahali pa kuogea, maji yale yasipotee. Mchicha unachumwa baada ya wiki 3 au 4. Majani ya kunde na matembele nayo hayakawii. Viazi vitamu, mvua ikiwapo, vinakomaa baada ya miezi 3 hadi 5.

KITONGOJI GANI?

Mahali unapochagua kukaa panaweza kuipunguza hesabu hiyo au kuiongeza mara mbili. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1974 hadi 1976, wakati wa Operesheni Vijiji. Watu wengi walihama kwa haraka. Sehemu nyingine walijikuta karibu na barabara lakini mbali na maji, na mashamba yao ya zamani yakabaki nyuma, mwendo wa saa nyingi. Wakati ule mahali palichaguliwa na wengine. Leo unachagua wewe, basi chagua kwa macho yako.

Nenda ukaone kabla ya kuhama, tena uende na mkeo. Mwanamume akienda peke yake hutazama udongo. Mwanamke hutazama maji, kuni na mashine ya kusaga. Vyote vinahitajika. Ukiweza, nenda mwezi wa Oktoba, wakati ardhi imekauka kabisa. Kisima kinachotoa maji Oktoba kitatoa mwaka mzima. Kisima cha Machi kinaweza kukudanganya.

Kaeni kisimani asubuhi na mapema. Tazameni foleni. Waulizeni kina mama wanaochota: wanafika saa ngapi, wanaondoka saa ngapi, na bomba likiharibika wanakwenda wapi. Kina mama wale watawaambia mambo ambayo mwenye nyumba hatayasema.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kila mtu wa kijijini apate lita 25 za maji safi kwa siku, na kituo cha maji kisizidi meta 400 kutoka nyumbani. Tutumie kipimo hicho. Sisi watu 7 tunahitaji lita 175 kwa siku. Ndoo moja ni lita 20. Kwa hiyo ni ndoo 9.

Sasa linganisha nyumba mbili za kupanga. Bei ni za mfano tena. Nyumba ya kwanza kodi yake ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na bomba la kijiji liko karibu, ndoo shilingi 50. Ndoo 9 ni shilingi 450 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 13,500. Jumla na kodi ni shilingi 38,500. Nyumba ya pili kodi yake ni shilingi 15,000 tu. Lakini maji yako mbali, yanaletwa kwa baiskeli, ndoo shilingi 300. Ndoo 9 ni shilingi 2,700 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 81,000. Jumla na kodi ni shilingi 96,000. Nyumba iliyoitwa rahisi ni ghali kuliko nyingine zaidi ya mara mbili.

Labda utasema, "Sitanunua, binti yangu atachota." Hesabu saa zake basi. Binti anayetoka alfajiri kwenda mtoni mbali anafika shule amechelewa, tena amechoka. Naye ndiye uliyesema unahama ili asome.

Baada ya kiu, tazama mafuriko. Nilikuwa kazini Kilosa Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010. Maelfu ya watu walipoteza nyumba wakahamia kwenye mahema. Hata reli ya kati ilikatwa na maji kati ya Kilosa na Gulwe. Desemba 2011 ikawa zamu ya Dar es Salaam. Watu wa bonde la Jangwani waliofurikiwa wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Kiwanja cha bondeni huwa rahisi, udongo wake ni mzuri, na wakati wa kiangazi kinapendeza sana. Lima huko, lakini usilale huko.

Mafuriko yana dalili zake. Tazama kuta za nyumba za zamani. Ukiona mstari wa tope uliokauka, maji yalifika pale. Ukiona matete na mafunjo, maji hukaa pale. Udongo mweusi unaopasuka nyufa kubwa wakati wa kiangazi utapasua na ukuta wako. Sikiliza pia jina la mahali. Wazee hawakuita mahali Mtoni au Mbugani kwa kujifurahisha.

Kisha pima kwa miguu kutoka nyumbani mpaka shambani. Usikubali kuambiwa "ni hapo tu". Hapo tu ya mwenyeji inaweza kuwa saa nzima. Saa moja kwenda na saa moja kurudi ni saa 2 kila siku, na nyani na ngedere wanajua kabisa shamba gani mwenyewe yuko mbali.

Uliza pia habari za majirani, na gharama za kuishi nao. Kila kijiji kina michango yake: madarasa, uji wa shule, mlinzi. Kuna vyama vya kufa na kuzikana. Mgeni ajiunge mapema. Siku ya msiba, mchango wako mdogo wa kila mwezi utakurudia kwa watu, maji, kuni na jeneza. Huku ugenini huna ukoo wa kukuzika.

ARDHI NA KARATASI

Hapa nitasema kwa mkazo, maana ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mtu anakutana na mwenyeji kilabuni, anaonyeshwa pori, anatoa fedha, wanapeana mikono. Mwaka unaofuata anatokea mwenye shamba. Ardhi ya kijiji haigawiwi kilabuni. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayogawa ardhi, na lazima ipate kwanza idhini ya Mkutano wa Kijiji. Nenda kwa afisa mtendaji. Peleka maombi yako kwa maandishi. Uliza kama mahali unapoonyeshwa ni pa kulima, au ni njia ya mifugo, au ni msitu wa akiba. Sasa unajua kusoma, ndugu yangu. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujaisoma mpaka mwisho.

Ukipanga nyumba nako andikeni mkataba, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mara moja. Fedha hiyo iwe kwenye hesabu yako ya siku ya kwanza.

Kutoka kwenu chukua barua ya utambulisho, kadi za kliniki za watoto, na uhamisho wa shule. Shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada, lakini daftari, viatu na sare ni juu yako. Huku Mbozi ongeza na sweta. Sisi tulitoka Mpwapwa kwenye joto tukafika Agosti, na blanketi zikawa ununuzi wetu wa kwanza. Mtoto aliye darasa la mtihani usimhamishe katikati ya mwaka. Mwache kwa bibi au mjomba amalize.

Vitu vya kubeba ni vile ambavyo ukiviuza hutaweza kuvinunua tena: majembe, ndoo, vyungu, mashine ya kushonea. Kitanda kikubwa kinaweza kugharimu zaidi kwenye lori kuliko kwa fundi seremala. Vipando vya mihogo na machipukizi ya migomba acha huko huko, hata kama ni vitamu namna gani. Batobato, michirizi ya kahawia na mnyauko husafiri ndani yake, na hakuna dawa ya kuponya shamba lililoambukizwa. Uwele wa Mpwapwa nao haupendi ubaridi wa Mbozi, kwa hiyo mbegu uliza bwana shamba wa huko uendako. Ng'ombe na mbuzi wanahitaji kibali cha afisa mifugo kabla ya kusafirishwa. Kuku wachanjwe mdondo mapema, si asubuhi ya safari.

SHAMBA LA ZAMANI

Linabaki jambo moja, na wengi hawakubaliani nami. Nasema hivi: usiuze shamba lako la zamani mpaka uvune mara moja huko uendako. Wanasema, "Bila kuuza nitapata wapi fedha za kuhamia?" Uza mahindi ya ziada. Uza mbuzi. Kodisha shamba kwa msimu mmoja, kwa maandishi, upate fedha kidogo. Ukiona huwezi kuhama bila kuuza shamba lote, basi mwaka huu bado. Ngoja mwaka mmoja, uweke akiba.

Mkulima mmoja tuliyefahamiana naye Mpwapwa alinifuata huku. Alikuwa na ekari 3 kule. Alikuja Agosti, na mke na watoto wawili, na magunia 4 ya mahindi. Ekari zake alimkodisha mpwa wake. Mwaka wa kwanza walipanga chumba kimoja na sebule, karibu na bomba, na wakalima ekari 2 walizopewa na kijiji. Watu waliwacheka kidogo: mtu mzima anapanga chumba wakati jirani yake anajenga nyumba ya matofali. Januari, majirani walipokwenda kibarua, wao walikuwa shambani kwao wakipalilia mara ya pili. Walikuwa bado wana gunia 1 ndani.

Juni walivuna. Agosti ndipo alipopanda basi kurudi Mpwapwa kuuza zile ekari 3 na nyumba iliyokuwa juu yake. Mkewe alikwenda naye, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke. Aliniambia kuwa mkewe alikataa bei ya kwanza waliyopewa, na ya pili pia. Walikaa kwa mpwa wao siku 9 mpaka akatokea mnunuzi wa tatu.